Jua la Dubai, Kivuli cha Boriti

Tarehe 21 Juni, jua likifika kileleni juu ya Dubai, fimbo ya mita 1 iliyosimikwa wima hutoa kivuli cha sentimita 3 tu. Miezi 6 baadaye, katika wiki ya tatu ya Desemba, jua likiwa tena kileleni, fimbo ile ile hulaza chini kivuli kirefu kuliko yenyewe: sentimita 113. Matangazo ya utalii hayaitaji tofauti hiyo. Lakini kwa anayeishi Deira, kwa mlinzi anayekesha langoni Al Quoz, na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuja kufuata mzigo, Dubai ya Juni na Dubai ya Desemba ni miji miwili. Wa kwanza hautazamiki mchana. Wa pili huwezi kuacha kuutazama.

Dubai imejipatia jina kwa mwanga wa kununua: minara inayogeuzwa skrini usiku, chemchemi zinazocheza kwa taa, barabara zisizojua giza. Mhadhara huu unahusu mwanga mwingine, usio na mita wala bili, unaoingia dirishani, unaoteleza ukutani na kuondoka. Hoja yake ni moja. Uzuri wa mwanga hautokani na wingi wake. Kama ungetokana na wingi, basi adhuhuri ya Julai ingekuwa saa nzuri kuliko zote, na kila aliyewahi kusubiri basi katika saa hiyo anajua ukweli. Kinachouremba mji huo ni kivuli, na kivuli cha mjini, tofauti na jua, huundwa na watu. Sehemu ya kivuli kizuri kuliko vyote vya Dubai iliundwa kwa miti ya kwetu.

JUA LISILOFIKA UTOSINI

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea jua linalovuka utosi. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu yake mara 2 kila mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na siku hizo nguzo iliyonyooka hukosa kivuli kabisa kwa dakika chache. Kati ya miezi hiyo miwili jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini na vivuli hulala kusini. Baada ya Oktoba mambo hugeuka.

Dubai iko nyuzi 25 kaskazini, nje kidogo ya Tropiki ya Kansa. Jua huukaribia utosi lakini haliufikii hata siku moja, na kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Mpangaji anayelijua hilo hachagui chumba kwa kubahatisha. Dirisha la kusini humletea jua hadi katikati ya sebule mwezi Januari, wakati linapopendeza, na hulizuia Juni linapopanda juu ya ukingo wa dari. Dirisha la magharibi humwadhibu kila alasiri ya kiangazi, pawe na pazia au pasiwe.

Urefu wa siku nao si ule wa nyumbani. Unguja, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata saa 1, na ndiyo maana saa za Kiswahili zinazohesabiwa tangu macheo hazimpotezi mtu. Dubai zinapishana kwa saa 3 hivi. Mchana wa Juni hukaribia saa 14, wa Desemba hauzidi saa 11.

Kisha kuna hewa. Kiangazi unyevu wa Ghuba na vumbi linaloletwa na upepo wa shamali hutanda angani kama utaji mweupe. Mwanga hutawanyika kila upande, vivuli hupoteza kingo, na minara ya mbali hufifia hadi ikakosa uzito. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa husafika, jua hupita chini zaidi, na kila kitu, hata kijiti kilichoangushwa kando ya njia, hupata mstari wake mweusi. Asubuhi nyingine za majira hayo ukungu hutoka baharini na jangwani ukafunika mji, na wakaazi wa ghorofa za juu huamkia jua huku walio chini wakitafuta njia kwa taa za magari.

Jambo moja la mwisho kuhusu jiografia ya jua. Lamu, Mombasa na Dar es Salaam zinatazama mashariki, na jua kwao huchomoza baharini. Dubai inatazama Ghuba upande wa kaskazini-magharibi, hivyo jua lake huzama majini, kama linavyozama mbele ya Forodhani kule Mji Mkongwe. Ndiyo sababu asubuhi ufuo wa Jumeirah Beach Residence huwa umefunikwa na vivuli vya majumba yaliyo nyuma yake, na wanaopenda kutembea mchangani bila kuungua hufika mapema, kabla vivuli havijarudi nyuma kuelekea barabarani.

KIVULI KINACHOTOA HABARI

Kabla ya saa za mkononi, kivuli ndicho kilichokuwa saa, na kwa Waislamu bado hakijastaafu. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishavuka kilele na kivuli kikaanza kurefuka upande wa mashariki. Alasiri huingia, kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea uswahilini na kwa ya Maliki yenye mizizi Dubai, pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, kikiongezwa juu ya kile kilichokuwapo adhuhuri. Kwa Wahanafi husubiriwa kifike mara 2. Katika siku ya Desemba iliyotajwa mwanzoni, basi, fimbo ya mita 1 itaonyesha alasiri kivuli chake kikifika mita 2 na sentimita 13. Ratiba iliyobandikwa msikitini imefanya hesabu hiyo kwa niaba ya kila mtu, lakini fimbo haijapoteza cheo chake.

Wataalamu wa kale walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika kitabu kizima kuhusu vivuli: namna ya kuvipima, hesabu zake, na matumizi yake katika nyakati za sala. Karne nyingi kabla yake, Eratosthenes wa Aleksandria alikuwa amesikia kwamba huko Syene, Aswan ya leo, jua la kilele cha kiangazi huangaza hadi chini ya kisima. Aliipima pembe ya kivuli mjini kwake siku hiyo hiyo, na kutokana na tofauti hiyo akakadiria mzingo wa dunia. Syene iko karibu na Tropiki ya Kansa kama ilivyo Dubai. Zile sentimita 3 za Juni ni jamaa wa kisima kile.

Habari nyingine ya kivuli huja mara 2 kwa mwaka. Makka iko ndani ya tropiki, na jua hupita wima juu ya Al-Kaaba karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai. Dakika hiyo ikifika, kila penye jua duniani kivuli cha kitu kilichosimama wima huelekeza kinyume kabisa na kibla. Dubai ni saa 7:18 mchana mwezi Mei na saa 7:27 mwezi Julai. Afrika Mashariki, inayotumia saa moja na Makka, ni saa 6:18 na saa 6:27. Mwenye msikiti Tandale, Dar es Salaam, au Naif, Dubai, anaweza kuuhakiki mhirabu wake kwa uzi wenye jiwe mwishoni, bila simu.

Na Dubai iliwapa mashehe swali la kujibu. Burj Khalifa, lililofunguliwa tarehe 4 Januari 2010, lina urefu wa mita 828. Aliye juu huliona jua baada ya aliye chini kuliaga. Je, afuturu saa ngapi? Mwaka 2011 mamlaka ya dini mjini humo ilitoa jibu: walio juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika 2 zaidi, na walio juu ya ghorofa ya 150 wasubiri 3. Lifti ya wageni hufika ghorofa ya 124 kwa muda wa kama dakika 1, kwa hiyo mwepesi wa miguu anaweza kuliona jua likizama akiwa chini, akapanda, akaliona likizama tena.

Jengo hilo lina funzo jingine. Adhuhuri ya Juni kivuli chake hakifiki mita 30, yaani huishia karibu na miguu yake. Adhuhuri ya Desemba hufika mita 940 hivi, kikaangukia mitaa ambayo haina uhusiano wowote na mnara huo. Wahenga wa pwani walishasema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Ukikifuata kivuli hicho hadi mwisho utashangaa kwamba ncha haionekani. Jua si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu nyuzi, na kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli hutawanyika kwa takriban sentimita 1 kwa kila mita kinayosafiri. Kutoka kileleni hadi ardhini ni zaidi ya kilomita 1, na ukingo huo umekwisha tawanyika kwa mita 11 au 12. Ncha nyembamba ya jengo refu kuliko yote duniani huyeyukia hewani kabla ya kugusa lami. Kivuli cha mkono wa mtu anayenyoosha kidole ukutani, kwa upande wake, huwa kikali kama kilichokatwa kwa wembe.

MITI YA RUFIJI KATIKA KUTA ZA BASTAKIYA

Kusini mwa hori ya Dubai, ambayo wenyeji huiita Khor, kuna mtaa wa Al Fahidi, zamani Bastakiya. Ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19 na wafanyabiashara waliohamia kutoka Bastak, kusini mwa Uajemi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na jasi. Vichochoro, sikka kwa lugha ya pale, ni vyembamba kiasi kwamba wawili waliobeba mizigo hupishana kwa kuombana radhi. Juu ya mapaa husimama barjeel, minara ya upepo iliyo wazi pande 4 ili upepo wowote upitao uteremshwe chumbani. Kichochoro kinachoelekea kaskazini na kusini hupata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri. Kabla ya hapo ukuta wa mashariki hukikinga, na baada ya hapo hukikinga wa magharibi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe au wa Lamu hahitaji mwongozaji humo. Akiinua macho darini ataona miti ya mviringo, ya rangi ya hudhurungi, iliyopangwa sambamba. Watu wa Ghuba huiita chandal. Yeye ataiita jina lake: boriti. Ni mikoko, na sehemu kubwa ya mikoko iliyojenga bandari za Ghuba ilitoka pwani ya Afrika Mashariki, kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ambako iliuzwa kwa ukubwa wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ghuba haina misitu ya kutoa miti iliyonyooka, tena inayostahimili mchwa. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapanda na kusi yakiwa na miti.

Safari hiyo ina shahidi. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika msimu wa 1938 hadi 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliteremka hadi Mombasa na Unguja, kisha wakaingia Rufiji kupakia mikoko. Kitabu alichokitoa mwaka 1940 na picha alizopiga vinaonyesha mabaharia wakizama kwenye matope, wakibeba miti mabegani katika joto na mbu. Kila kivuli baridi cha ukumbi wa Ghuba kililipiwa kwa jasho la namna hiyo, na kwa jasho la wakataji wa Rufiji ambao majina yao hayakuandikwa. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, mikoko ilipokuwa ikipungua.

Boriti haikuleta dari tu. Ilileta kipimo cha mwanga. Mti mmoja hauwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi bila kupinda, kwa hiyo chumba cha Lamu na chumba cha Bastakiya vyote ni vyembamba na virefu. Nyumba ya kale ya Lamu hailipokei jua mlangoni. Mtu hupita daka, akaingia, akatokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Kutoka hapo mwanga huingia msana wa kwanza, kisha msana wa pili, kisha ndani, na kila ukuta unaoupita hupunguza makali yake. Mwishoni kabisa kuna zidaka, safu za vishubaka vya chokaa nyeupe, vinavyokusanya mwanga mdogo uliobaki na kuurudisha chumbani. Fundi aliyevichonga hakuweka taa, lakini alijua taa ya mbinguni ingefika ikiwa imechoka kiasi gani.

Saa 10 alasiri mwezi Januari, Al Fahidi huonyesha ufundi wa aina hiyo kwa nje. Kutoka kwenye kuta za barjeel huchomoza ncha za miti, zilizoachwa ili ziimarishe mnara na zimpe fundi pa kukanyaga akitaka kuukarabati. Kila ncha hutupa mstari mmoja wa kivuli juu ya jasi. Jua likiwa bado juu mistari ni mifupi na imeinama. Robo saa baadaye imelala zaidi na imerefuka, imekaribia kugusana. Ukuta wenyewe, uliokuwa mweupe wa kuumiza macho, sasa ni wa rangi ya asali, na ndani ya vivuli mna bluu hafifu. Bluu hiyo haidanganyi macho: kivuli hakiangaziwi na jua bali na mbingu, na mbingu ni bluu kwa sababu hewa hutawanya zaidi mwanga wa rangi hiyo. Chini, kivuli cha nyumba ya ng'ambo hupanda ukuta taratibu, kikimeza dirisha, kisha nakshi za juu ya dirisha. Kinachobaki mwishoni ni kichwa cha mnara peke yake, kikiwaka.

Mtaa huo nusura usiwepo. Miaka ya 1980 sehemu yake kubwa ilibomolewa kupisha ofisi za serikali, na iliyobaki ilikuwa njiani kufuata. Wapenzi wa majengo ya kale walipaza sauti. Charles, wakati huo mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliutembelea mwaka 1989 na kuutetea. Dubai iliubakisha, ikaukarabati, na leo wageni hulipa nauli ya ndege kuja kutembea katika kivuli chake. Mji Mkongwe wa Unguja ulipata ulinzi wa urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, lakini ulinzi wa karatasi haushikilii ukuta. Beit el-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883 lenye varanda pana zilizolizunguka zikilikinga jua pande zote, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

WALIOJUA KUSUBIRI MWANGA

Kwamba Dubai ya zamani ilikuwa mji wa kivuli tunalijua kwa sababu wapo waliouona na kamera. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa na aliyeishi miaka mingi Maralal, Kenya, miongoni mwa Wasamburu, alifika Dubai mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya kuvuka jangwa la Rub' al-Khali. Picha zake, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford, ni nyeusi na nyeupe. Ndani yake hori, mashua na minara ya upepo vinaonekana kwa nguvu ya kivuli tu, bila msaada wa rangi.

Ramesh Shukla, mpiga picha aliyetoka India mwaka 1965, ndiye aliyepiga picha maarufu ya watawala waliosimama chini ya bendera tarehe 2 Desemba 1971, siku Umoja wa Falme za Kiarabu ulipozaliwa. Ilipigwa nje, kwa mwanga wa jua. Kwa upande wetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na kumbukumbu ya sura za mji huo kwa miongo mingi imepita mikononi mwa familia yake.

Leo kila mkoba una kamera. Kwa mwenye simu, yatosha kuzima flashi na kungoja. Mwenye subira kidogo na avuke hori jioni kwa abra, mashua ya abiria. Nauli ni dirham 1. Abiria hukaa katikati wakipeana migongo, juu yao paa la mbao au turubai. Jua likishuka, mwanga hupiga maji, ukaruka juu, ukaanza kucheza kwenye upande wa chini wa paa hilo: nyuzi za dhahabu zinazovunjika na kuungana kila wimbi linapopita. Wengi hawaoni kwa sababu wanatazama minara ya Deira. Maonyesho yako sentimita chache juu ya vichwa vyao.

VIDUARA VYA MWAROBAINI

Mitaa mingi ya makazi ya Dubai imepandwa mwarobaini, mti usiohitaji kutambulishwa kwa Mswahili. Chini yake, katika mchana wa jua safi, ardhi hujaa madoa ya mwanga. Matundu kati ya majani ni ya kila umbo, yenye pembe na mikunjo, lakini madoa mengi ni mviringo. Sababu ni kwamba kila tundu dogo hufanya kazi ya kamera isiyo na lenzi, na kila duara lililo chini ni picha ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Misri miaka elfu moja iliyopita, aliichunguza kanuni hiyo, pamoja na kuthibitisha kwamba tunaona kwa sababu mwanga huingia jichoni, si kwa sababu jicho hutoa mwanga.

Ushahidi huja jua linapopatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia jua likigeuka pete. Wakati wengine walipigania miwani maalumu, yeyote aliyesimama chini ya mti wenye majani angeweza kutazama ardhi: jua likipatwa, kila duara hukatika likawa hilali. Tarehe 26 Desemba 2019 kupatwa kwa aina hiyo kulipita Liwa, kusini mwa Abu Dhabi, na Dubai ikaona sehemu yake asubuhi. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Luxor na Makka, na kwa sehemu Dubai. Mwarobaini wa mtaani utatosha.

Msanifu Jean Nouvel aliichukua sayansi hiyo ya majani akaigeuza jengo. Louvre Abu Dhabi, lililofunguliwa kwa umma tarehe 11 Novemba 2017, limefunikwa na kuba lenye kipenyo cha mita 180 na tabaka 8 za chuma na alumini, lenye nyota 7,850 za ukubwa mbalimbali. Nouvel alitaja makuti ya mtende kuwa chanzo cha wazo lake. Mwali wa jua hupenya tabaka moja, ukazuiwa na nyingine, na unaofika sakafuni hubadilika kila dakika. Umeitwa mvua ya nuru. Bila chuma kile kuzuia sehemu kubwa ya jua, pasingekuwa na mvua yoyote.

Minara ya vioo ya Sheikh Zayed Road inafanya kinyume chake. Kioo hakizuii jua, hulirudisha. Upande wa barabara uliopaswa kuwa kivulini hupata jua la pili kutoka ng'ambo, likiwa madoa yaliyopindapinda, kwa kuwa vioo hivyo huvimba na kubonyea kidogo. Madoa hayo nayo yana uzuri wake, na hakuna ubaya kuyafurahia. Gharama yake hulipwa na anayetembea.

NANI ANA HAKI YA KIVULI

Hapo ndipo mazungumzo ya uzuri yanapokutana na mazungumzo ya haki. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba kila mwaka. Ni sheria ya zaidi ya miaka 20 sasa. Katika saa hizo mafundi hulala chini ya lori, nyuma ya ukuta, au popote penye mstari mweusi. Waganda na Wakenya wengi wanaolinda mageti, kuendesha teksi na kupeleka vyakula kwa pikipiki wanalijua jua hilo kwa ngozi kabla ya kulijua kwa macho. Si haki kumwambia mtu anayeungua asifu mwali wa adhuhuri. Kwanza apewe pa kusimama.

Dubai imeanza kulikubali hilo kwa vitendo. Desemba 2024 ilitangaza mpango wa kuwa na njia za waenda kwa miguu zenye urefu wa kilomita 6,500, pamoja na madaraja na vivuko vya chini kwa chini 110. Mji uliojengwa kwa ajili ya gari na kiyoyozi unarudi kwenye somo ambalo watu wa Bastak walikuwa nalo tangu mwanzo: mtu hutembea pale penye kivuli.

Sisi tunaelekea wapi? Katikati ya Dar es Salaam na Nairobi majengo ya vioo yanaota mahali palipokuwa na varanda, vibaraza na miti. Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi, mti wa mugumo wa zaidi ya miaka 100 ulioko Westlands ulikuwa ukatwe. Ilihitajika amri ya rais, Novemba 2020, kuunusuru. Mti mmoja ulipata rais wa kuutetea. Iliyokatwa kimyakimya ni mingi.

Wasanifu wa majengo wetu wanaokwenda Dubai kutazama minara wanaombwa watenge alasiri moja. Wavuke hori, waingie Al Fahidi wakiwa na utepe wa kupimia, waandike upana wa kichochoro, unene wa ukuta na mwelekeo wa kila njia, kisha warudi na vipimo hivyo pamoja na vile vya nyumba za Lamu, ambavyo viko karibu zaidi na havihitaji viza. Na halmashauri za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambazo haziidhinishi jengo kubwa bila maegesho ya magari, ziweke sharti la pili katika kibali hicho hicho: kila jengo jipya lioneshe, kwa mchoro, kivuli ambacho mpita njia atakipata saa 7 mchana.